Mshipi wa Lielvārde na anga la Wabaltiki: jibu kwa msomaji aliyeolewa Riga

Dada mmoja msomaji wetu, anayeishi Riga, mji mkuu wa Latvia, na mume wake Mlatvia, ameuliza hivi: siku ya arusi yake mama mkwe alimpa mshipi mwekundu na mweupe wa Lielvārde pamoja na glavu za sufu, akamweleza kwamba nakshi zake ni maandishi ya kale kuliko Ukristo, kwamba kila alama ni jina la mungu au la kitu cha angani, na kwamba ajuaye kuzisoma amejifunga ulimwengu mzima kiunoni. Dada anataka kujua kama hayo ni kweli, nakshi hizo zina umri gani, na afanye nini na alama moja kwenye glavu inayomtia hofu kwa sababu inafanana na ile ya Wanazi.

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, kisha nitoe sababu. Anga analolisema mama mkwe wako limo kweli katika utamaduni wa Walatvia na wa ndugu zao Walithuania, ambao kwa pamoja huitwa Wabaltiki. Jua, mwezi, nyota ya alfajiri na radi vimekaa katika nyimbo zao, katika mapambo yao na katika imani zao tangu zamani sana, na ushahidi wake ni imara. Lakini ile orodha inayofunga kila umbo na jina moja la mungu, kana kwamba ni herufi za alfabeti, imetungwa katika karne ya 20, na walioitunga tunawajua kwa majina. Mambo haya mawili yamechanganywa kiasi kwamba leo hata watu wa huko huko huyasema kwa pumzi moja, na kazi yangu hapa ni kuyatenganisha bila kumvunjia heshima aliyekupa zawadi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote haumo katika nguo bali katika nyimbo. Walatvia wana hazina ya nyimbo fupi ziitwazo daina, nyingi zikiwa na mistari minne tu. Krišjānis Barons (1835–1923) alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzipanga, akachapisha juzuu sita kati ya mwaka 1894 na 1915 zenye matini karibu 218,000 ukihesabu na namna mbalimbali za wimbo ule ule. Kabati lake la droo ndogo ndogo, alilotengenezewa mwaka 1880 ili kuhifadhia vijikaratasi vya nyimbo, limo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na unaweza kulitazama hapo hapo Riga katika Maktaba ya Taifa. Ndani ya nyimbo hizo Jua, Saule, ni mwanamke. Ana farasi ambao huwaogesha baharini, naye mwenyewe akiwa ameketi mlimani na hatamu za dhahabu mkononi. Jioni huingia katika mashua ya dhahabu, na asubuhi akichomoza huiacha mashua ikiyumba majini. Ana mti wake unaoota mbali, mahali anapochomoza au kwenye ukingo wa bahari, wenye matawi ya dhahabu au ya fedha, na kuna nyimbo ambamo hutundika mshipi wake kwenye mti wakati wa kushuka. Mwezi, Mēness, ni mwanamume na shujaa wa vita. Nyota ya alfajiri, Auseklis, naye ni mwanamume miongoni mwa Walatvia, lakini kwa Walithuania nyota hiyo hiyo ni mwanamke na jina lake ni Aušrinė.

Kwa nini jua liwe mama wa kila kitu? Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa huenda asilione hili upesi, kwa kuwa kwetu jua halina makuu. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Wewe sasa unaishi karibu na nyuzi 57 kaskazini mwa ikweta. Katika nusu ya pili ya Juni mchana wa Riga hukaribia saa 18, na Desemba haufiki saa saba. Isitoshe, mahali jua linapochomoza hapatulii: kiangazi huchomoza kaskazini mashariki, baridi ikishika huchomoza kusini mashariki, na umbali kati ya sehemu hizo mbili kwenye upeo ni kama robo nzima ya duara. Mkulima wa huko alikuwa akimwona Saule akienda safari na kurudi, akidhoofika na kupata nguvu, na ratiba ya shamba lake, mifugo yake na sikukuu zake ikafuata safari hiyo. Ndiyo maana usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, ambao bila shaka umeshaukesha pamoja na ukoo wa mume wako, moto huinuliwa juu ya mlingoti, na iliaminika kwamba asubuhi yake jua hucheza ngoma angani.

Nyimbo hizi si ndoto tupu; zina macho makali. Uko wimbo ambamo Mwezi anahesabu nyota zake jioni aone kama zimetimia, akakuta zote zipo isipokuwa Auseklis, ambaye yuko Ujerumani akishonesha koti la mahameli. Aliyetunga wimbo huo alijua jambo ambalo wakazi wengi wa mijini leo hawalijui, yaani kwamba sayari ya Zuhura ikiwa nyota ya alfajiri kwa kawaida haionekani jioni. Mzunguko wake mzima wa kuonekana huchukua siku 584. Kwa muda wa takriban miezi minane hutangulia mapambazuko, kisha hupotea, kisha hutokea magharibi baada ya jua kuzama. Wimbo mwingine unasema Saule alimkata Mwezi kwa upanga mkali kwa sababu alimnyang'anya Auseklis mchumba wake. Kwa Walithuania kisa ni tofauti kidogo: katika wimbo uliochapishwa na Ludwig Rhesa mwaka 1825, Mwezi alimwoa Jua, akamwacha na kumpenda Aušrinė, ndipo Perkūnas, mungu wa radi, akampasua kwa upanga. Ukiamka kabla ya alfajiri katika siku za mwisho za mwezi mwandamo, hasa Zuhura ikiwa upande huo, utaona kisa chote kwa macho yako: mwezi uliokatwa ukabaki ukucha unasogea kuelekea jua, unapita karibu na nyota ile, na baada ya siku moja mbili hauonekani tena.

Maandishi ya zamani nayo yanashuhudia, ingawa tuyasome tukikumbuka kwamba walioyaandika hawakuwa marafiki wa dini hiyo. Nyongeza ya mwaka 1261 katika tafsiri ya Kislavoni ya historia ya Malalas, mwandishi wa Bizanti, inamtaja mhunzi Teliavelis, aliyelifua jua na kulitupa juu angani ili liangaze dunia. Peter von Dusburg, kasisi wa Shirika la Wateutoni, yaani mashujaa wa Kijerumani wa vita vya msalaba, aliandika mwaka 1326 kwamba Waprusi, jamaa wa karibu wa Walithuania ambao lugha yao imekwisha kufa, waliheshimu jua, mwezi, nyota, radi, ndege, wanyama wa miguu minne na hata chura. Karne moja baadaye mmisionari Hieronymus wa Prague alimsimulia Enea Silvio Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pius II, kwamba katika safari zake Lithuania alikuta watu wanaoliheshimu jua pamoja na nyundo kubwa ya chuma. Walimweleza kwamba mfalme mmoja mwenye nguvu alilifunga jua ndani ya mnara, ndipo makundi ya nyota ya njia ya jua yakaubomoa mnara kwa nyundo hiyo. Nyundo, uhunzi, mnara, jua lililotoweka kisha likarudi: huo ndio ulimwengu wa watu wanaoishi na majira ya baridi ya muda mrefu.

Tukija sasa kwenye nakshi, lazima tuulize kila kitu kwa umri wake na kwa namna kilivyotengenezwa, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Vitu vya kale kuliko vyote vinavyoweza kuhusishwa na anga ni visahani vya kaharabu vya zama za mawe, kama kile kilichofukuliwa Daktariškė, magharibi mwa Lithuania, chenye nukta zilizopangwa kwa umbo la msalaba ndani ya duara. Wanaakiolojia wengi hukiona kuwa ni picha ya jua, nami naona tafsiri hiyo ni ya busara: duara, kaharabu inayong'aa kwa rangi ya asali, na mikono minne inayotoka katikati. Baadaye, katika enzi ya chuma, mapambo ya shaba ya Wabaltiki yana misalaba, miduara, hilali na hata swastika. Maumbo hayo ni ya kale kweli. Lakini hakuna aliyeandika pembeni yake yalimaanisha nini, na baada yake kuna pengo la karne nyingi kabla ya kufika kwenye nguo za wakulima zilizohifadhiwa makumbusho, ambazo kwa sehemu kubwa ni za karne ya 18 na ya 19.

Katika hizo za wakulima, penye anga la wazi kuliko pote si kwenye mishipi bali kwenye mbao. Walithuania walikuwa na kibao cha kuchonga kilichoshikilia fungu la kitani au sufu wakati wa kusokota uzi. Mara nyingi kijana alimchongea msichana aliyempenda. Juu yake hukaa ua la petali sita lililochorwa kwa bikari, au gurudumu linalozunguka, na pembeni yake vijiduara kama nyota. Mwanaakiolojia Marija Gimbutas, mzaliwa wa Vilnius, alitetea kwa nguvu katika kazi yake ya mwaka 1958 kwamba haya ni mabaki ya picha za jua za zama za kabla ya Ukristo. Nakubaliana naye kwa nusu. Ua la petali sita huchorwa na kila mwenye bikari, kwa kuwa nusu ya kipenyo huligawa duara sawasawa mara sita, na kwa hiyo umbo hilo limeenea Ulaya nzima bila kuhitaji asili moja. Hata hivyo mchongaji alikuwa na nafasi ya kuchonga chochote, na kazi yenyewe ya kusokota, ambayo ni mzunguko usiokoma, iliambatana katika nyimbo na Jua na binti zake. Kumweka jua juu ya uzi unaozunguka hakukuwa bahati nasibu.

Misalaba ya Lithuania inafundisha vizuri zaidi. Ukivuka mpaka kuelekea kusini utaiona kwenye makaburi, njia panda na nyua za makanisa: mlingoti wa mti, na juu yake msalaba wa chuma uliofuliwa na mhunzi, wenye miale inayotawanyika pande zote kama jua, na mara nyingi hilali imelala chini yake. Ufundi huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Jonas Basanavičius, daktari na mmoja wa viongozi wa uamsho wa taifa la Lithuania, alisema mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba misalaba hiyo ni ya dini ya jadi iliyovaa nguo za Kikristo. Hoja hiyo inapendeza, lakini tukumbuke kwamba Kanisa Katoliki lenyewe lilikuja na miale yake: vyombo vya kuonyeshea Ekaristi vya karne ya 17 na ya 18 vimezungukwa na miale ya dhahabu, na sura ya 12 ya kitabu cha Ufunuo inamweleza mwanamke aliyevikwa jua, mwezi ukiwa chini ya miguu yake na taji ya nyota kumi na mbili kichwani. Lithuania ilibatizwa rasmi mwaka 1387, na Samogitia, sehemu yake ya magharibi, mwaka 1413, nyuma ya karibu Ulaya yote. Mhunzi wa kijijini alipofua jua na hilali juu ya kaburi, aliyokuwa ameyasikia kanisani na aliyoyasikia kwa bibi yake yalikuwa yamekwisha kuungana mkononi mwake, na sioni haja ya kumlazimisha achague upande mmoja.

Sasa tuutazame mshipi wako. Mshipi wa Lielvārde, ulioitwa kwa mji ulio kando ya mto Daugava, una msingi wa kitani cheupe na nakshi ya sufu nyekundu, nao ni mrefu wa kuzungushwa kiunoni mara kadhaa. Uzuri wake wa pekee ni kwamba nakshi haijirudii kwa utulivu kama ilivyo mishipi mingi. Umbo moja hupokelewa na lingine, jingine likaja tofauti, na jicho likadhani linasoma sentensi. Lakini angalia jinsi unavyofumwa. Mfumaji ana nyuzi za mtande zilizosimama na uzi wa mshindio unaopita katikati yake, naye huchagua kwa vidole ni nyuzi gani nyekundu zipande juu na zipi zibaki chini. Kwa njia hiyo hawezi kutoa mviringo. Anaweza kutoa mstari ulionyooka, mlalo wa ngazi, pembetatu, pembenne iliyosimama kwa ncha, msalaba, ndoano na nyota ya pembe nane. Mkeka wa ukindu unatufundisha jambo hilo hilo: msukaji wa Pemba na msukaji wa Rufiji hutoa mawimbi na pembenne zinazofanana kwa sababu ukili ukisukwa huelekea huko wenyewe, wala hatuhitaji kusema kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Nyota ya pembe nane, ambayo kwenu huitwa Auseklis, imo pia kwenye glavu za Norwe, kwenye mazulia ya Anatolia na kwenye vitambaa vya milima ya Andes.

Wafumaji wenyewe waliitaje nakshi zao kabla ya wasomi kufika? Hapa ndipo ninapoona jambo zuri kuliko yote, na ningependa ulishike. Lithuania wakinamama walisema eglutės, yaani misonobari midogo; grėbliukai, yaani reki ndogo; katpėdėlės, yaani nyayo za paka; žvaigždutės, yaani nyota ndogo. Walatvia walikuwa na jani la msonobari, msalaba mdogo, nyota, chura, nyoka wa majani. Ni vitu vya uani, vya zizini na vya shambani, na nyota imo miongoni mwao bila cheo cha pekee. Kisha inua macho uangalie walivyoliita anga. Kundi la nyota ambalo sisi huliita Kilimia wao huliita chekecheo la unga. Jabari kwa Walithuania ni wakata nyasi waliosimama safu moja shambani. Dubu Mkubwa ni gari la kukokotwa. Njia Nyeupe ni njia ya ndege, kwa lugha zote mbili, kwa sababu ndege wahamaji wa vuli walidhaniwa kuifuata. Na upinde wa mvua kwa Kilithuania cha vijijini ni mshipi wa Laumė, yule kiumbe wa kike wa hadithi zao ambaye ni hodari wa kusokota na kufuma.

Kwa hiyo mwelekeo si ule unaosimuliwa siku hizi, wa kuhani wa kale aliyenakili ramani ya nyota na kuificha katika nguo. Nyua za wakulima ndizo zilizolipa anga majina yake na nguo majina yake, zote mbili kwa wakati mmoja. Saule ana mshipi kwa sababu kila mwanamke alikuwa na mshipi. Mwezi ana koti la nyota kwa sababu vijana walipenda makoti. Mwanamke aliyefuma nyota kwenye mshipi wa arusi huku akiimba wimbo wa arusi ya Mwezi alikuwa na anga mikononi mwake kwa maana kamili, ingawa hakuwa akiandika herufi. Hii kwangu ni heshima kubwa zaidi kwake kuliko kumwita mnakili wa maandishi asiyoyajua maana.

Ile orodha ya alama na miungu ilitoka wapi basi? Latvia ilitangaza uhuru wake mwaka 1918, baada ya karne nyingi chini ya mabwana Wajerumani, Wapolandi, Waswidi na Warusi. Taifa changa lilitaka kuthibitisha kwamba lina mizizi yake yenyewe. Ernests Brastiņš (1892–1942), msanii aliyepima na kuchora ngome nyingi za kale za vilimani, alichapisha mwaka 1923 kitabu kuhusu nakshi za Kilatvia, na katika miaka hiyo ya 1920 akawa mwanzilishi mkuu wa Dievturība, harakati ya kuihuisha dini ya jadi. Yeye, na katika miaka ya 1930 mchoraji Jēkabs Bīne, walichukua maumbo ya nguo upande mmoja na miungu ya daina upande wa pili, wakayaoanisha: pembetatu iliyoelekea juu, kama paa la mbingu, ikawa alama ya Dievs, mungu wa mbingu, mawimbi na pembetatu iliyogeuzwa yakawa ya Māra, mama wa ardhi na maji, jani la msonobari likawa la Laima, mwamuzi wa bahati, nyota ya pembe nane ya Auseklis, swastika ya Pērkons, mungu wa radi. Baadhi ya maoanisho hayo yana msingi katika majina ya zamani, mengine yalitokana na kipaji cha waandishi. Brastiņš alikamatwa na utawala wa Kisovieti na kuuawa mwaka 1942, na jambo hilo liliyapa mafundisho yake uzito ambao hoja peke yake isingeyapa.

Utawala huo ulipodumu, alama hizi zikawa lugha ya watu walionyimwa lugha nyingine. Msanii Mwestonia Tõnis Vint ndiye aliyeeneza wazo kwamba mshipi wa Lielvārde una ujumbe uliofungwa wa ulimwengu mzima, akiulinganisha na ishara za Asia, na filamu ya mwongozaji Ansis Epners ya mwaka 1980 kuhusu mshipi huo ililifikisha wazo hilo kwa Walatvia wengi. Mwishoni mwa miaka hiyo, watu walipoanza kudai uhuru waziwazi, beji ya Auseklis ilikuwa kifuani mwa maelfu. Kama mama mkwe wako alikuwa kijana wakati huo, anapokwambia kwamba nyota hiyo hulinda na kushinda giza, hasemi habari za makumbusho. Anasema alichokiona kati ya mwaka 1988 na 1991. Maana hiyo ni ya kweli kabisa, ila umri wake ni wa kizazi kimoja au viwili.

Iko nadharia nyingine utakayokutana nayo, nami niitaje kwa kifupi: kwamba mikono minane ya nyota ni pande nne za dunia pamoja na sehemu nne za jua kuchomoza na kuzama katika siku ndefu na siku fupi kuliko zote. Kwa latitudo ya Riga hesabu inakubali vizuri, kwa kuwa sehemu hizo nne huangukia karibu kabisa na pembe za kati. Lakini nyota ile ile hufumwa Andes, ambako jua haliendi hivyo, na kwa hiyo sitaitegemea.

Kuhusu glavu, hofu yako ni ya haki, na nisingependa mtu yeyote aibeze. Walatvia huiita alama hiyo msalaba wa moto au msalaba wa radi, na imekuwa kwenye mapambo yao karne nyingi kabla ya Hitler kuzaliwa. Ndege za jeshi la anga la Latvia ziliivaa kwa rangi nyekundu hadi nchi ilipokaliwa na Wasovieti mwaka 1940. Huo ni ukweli. Ni ukweli pia kwamba chama cha kifashisti cha Gustavs Celmiņš cha mwaka 1933 kilijiita kwa jina hilo hilo la Pērkonkrusts, na kwamba nje kidogo ya mji unaoishi, katika msitu wa Rumbula, Wayahudi wapatao 25,000 waliuawa kwa siku mbili za Novemba na Desemba 1941 chini ya bendera yenye swastika. Historia ya kwanza haifuti ya pili. Ushauri wangu ni kwamba glavu hizo uziweke pamoja na vitu vya arusi, uwaelezee watoto habari zote mbili watakapoweza kuzielewa, wala usizivae barabarani, hasa ukisafiri kwenda Ujerumani, ambako kuonyesha hadharani alama za Wanazi ni kosa la jinai. Mwombe mama mkwe akufumie jozi nyingine yenye Auseklis au jani la msonobari. Wanawake wa huko walikuwa wakijaza kasha zima la glavu kabla ya arusi ili kuwagawia wageni, kwa hiyo ombi hilo halitamshangaza.

Tena, ukiwa naye, usimwulize kwanza alama ina maana gani, kwa sababu atakupa jibu la vitabuni. Mwulize mshipi ulifumwa wapi na nani, ulivaliwa siku gani, ncha zake zilifungwa upande gani, na bibi yake aliita vipi kila umbo alipokuwa akifuma. Mwulize kama anajua wimbo wowote wenye mshipi ndani yake, umwombe auimbe, na uandike maneno yake kama yalivyo. Mwulize pia kama katika ukoo wao walikuwa wakitundika puzuri, yale mapambo mepesi ya mabua yaliyofungwa kwa uzi hadi yakawa kama fuwele inayozunguka hewani. Walithuania huyaita sodai, huyatundika juu ya meza ya maarusi, na utengenezaji wake uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2023. Kwa maoni yangu, mfano wa ulimwengu uliotundikwa katikati ya nyumba na kugeuka kwa pumzi za watu waliomo unaonekana humo kwa uwazi kuliko kwenye mshipi.

Kisha, siku ya mapumziko, nendeni wote kwenye makumbusho ya wazi ya kando ya ziwa Jugla, yaliyoanzishwa mwaka 1924, ambako nyumba za wakulima kutoka kila mkoa zimejengwa upya pamoja na vyombo vyake. Chukua mshipi wako, uulinganishe na nguo za sehemu za mkoa wa Vidzeme zilizo jirani na Lielvārde, halafu na za mkoa wa Kurzeme. Wafumaji wanaofanya kazi hapo watakuonyesha kwa vidole jinsi nyuzi nyekundu zinavyochaguliwa, na baada ya kufuma shubiri moja kwa mikono yako utajua mwenyewe ni maumbo gani yaliletwa na uzi na ni yapi ambayo mfumaji aliyataka.